Milimita Tano Chini ya Fuvu

Mwaka 1891 Hans Chiari, daktari wa Austria aliyekuwa akipasua maiti huko Prague kutafuta sababu za vifo, aliandika habari za msichana wa miaka 17 aliyekufa kwa homa ya matumbo. Alipofungua fuvu lake alikuta kitu ambacho hakukitafuta. Ncha za chini za ubongo mdogo, ule ulio kisogoni unaotuwezesha kusimama na kutembea bila kuyumba, zilikuwa zimetoka nje ya fuvu na kuingia shingoni. Msichana huyo alikuwa pia na maji mengi kichwani, lakini katika uhai wake hakuonyesha dalili hata moja iliyotokana na ule ubongo mdogo ulioshuka. Alikufa kwa maradhi mengine kabisa. Habari zake husimuliwa mara nyingi katika vitabu vya udaktari, na kipande hiki cha mwisho hupitwa haraka, ingawa kwangu ndicho chenye uzito kuliko vyote: mgonjwa wa kwanza wa Chiari hakuwa akiumwa Chiari.

Kasoro hiyo leo inaitwa kwa jina la daktari huyo, na ile ya msichana wa Prague ndiyo aina ya kwanza. Kwa karibu karne nzima ilibaki mikononi mwa wapasua maiti na madaktari wachache wa upasuaji wa ubongo. Katika miaka ya 1980 mashine za MRI zikaanza kutumika hospitalini. Zinapiga picha ya ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, bila kisu wala eksirei, na kilichokuwa nadra kikaanza kuonekana kila mara. Watu walikuwa walewale. Waliotazamwa ndio walioongezeka.

Sasa tuseme kuna mfugaji wa Arash, kata ya Wilaya ya Ngorongoro upande wa Loliondo, aliyeanguka na pikipiki akirudi kutoka mnadani. Wiki kadhaa zimepita na shingo bado haigeuki. Au ni mama aliyebeba kuni mgongoni tangu utotoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso, na sasa maumivu yanashuka kutoka kisogoni hadi begani. Zahanati inampa dawa ya maumivu, Hospitali ya Wasso inampa rufaa, na hatimaye familia inakusanya fedha za kwenda mjini kupiga MRI. Mwaka 2011 magari yalijipanga kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, wagonjwa wa mijini wakifuata kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Anayefuata MRI anakwenda upande wa pili wa barabara ileile, na bei ni laki kadhaa.

Ripoti inatoka, imeandikwa kwa Kiingereza. Pingili mbili za shingo zimechakaa kidogo, jambo la kawaida kwa mtu mzima aliyefanya kazi. Kisha kuna mstari wa mwisho: tonsili za ubongo mdogo zimeshuka milimita 6 chini ya tundu la fuvu, Chiari aina ya kwanza. Picha ya shingo huanzia chini ya fuvu, kwa hiyo daktari anayekagua pingili anauona mkia wa ubongo hata kama hakuna aliyemwuliza habari zake. Anayefafanuliwa ripoti hiyo haraka haraka mlangoni anarudi nyumbani akijua jambo moja tu, kwamba amezaliwa na kasoro ya ubongo. Na boma likishasikia neno ubongo, hesabu ya ng'ombe wa kuuzwa inaanza usiku huohuo.

Kabla ya ng'ombe, tutazame hizo tonsili. Kwanza, si zile za kooni. Nalisema hili kwa sababu katika sehemu nyingi za Tanzania bado kuna wakata kilimi, na mtu akiambiwa tonsili zimeshuka anaweza kuishia kwa fundi wa aina hiyo akatoka na kidonda kisichohusiana na chochote. Tonsili za ubongo ni vipande viwili vidogo vya mviringo vilivyo chini kabisa ya ubongo mdogo. Karibu navyo, katika sakafu ya fuvu, kuna tundu kubwa ambamo ubongo unaungana na uti wa mgongo, na maji ya ubongo hupita hapo yakishuka na kupanda kila moyo unapopiga. Fikiria kibuyu cha maziwa. Shingo yake ikiwa wazi, kinachomiminwa kinapita. Ukisokomeza kizibo, kinapita kwa shida na kwa msukumo. Tonsili zilizoshuka zinaweza kuwa kizibo hicho. Zinaweza pia kukaa pembeni kwa ulegevu, maji yakaendelea kupita, na mwenye kichwa asijue lolote hadi anazeeka.

Sababu iliyo ya kawaida ya aina hii ya kwanza wala haiko kwenye ubongo wenyewe. Chumba cha nyuma cha fuvu kimekuwa kidogo kuliko kawaida wakati mtoto anakua, na ubongo mdogo, ukikosa nafasi, unasukumwa kwenye njia iliyo wazi.

Je, ni wangapi walio hivyo? Hapa takwimu zinachekesha. Mwaka 2000 madaktari wa Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za wagonjwa 22,591 waliopigwa MRI ya kichwa na shingo. Walikuta watu 175 ambao tonsili zao zilishuka zaidi ya milimita 5, yaani mtu mmoja kwa kila 129. Kati ya hao 175, watu 25 hawakuwa na dalili yoyote ya Chiari. Mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walipiga picha wakazi 2,000 wa kawaida wa umri wa makamo na wazee, watu ambao hawakuja kwa ugonjwa, wakakuta asilimia 0.9. Mwaka 2009 uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi zenye watu 19,559 ulipata asilimia 0.24 tu. Miaka miwili baadaye timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ikaangalia picha za watoto na vijana 14,116 wasiozidi miaka 18, ikahesabu wenye Chiari 509, asilimia 3.6.

Kutoka 0.24 hadi 3.6 ni mara kumi na tano. Kasoro ni ileile na sumaku ni ileile. Tofauti inatoka kwa walioingia kwenye mashine na kwa jicho lililotazama picha. Watoto wa Michigan hawakuokotwa barabarani. Walipelekwa hospitalini kwa sababu fulani, na tonsili za watoto na vijana hukaa chini zaidi kuliko za wazee, kwa kuwa hupanda kidogo kadiri umri unavyokwenda. Katika tafiti za watu wazima waliojitolea, mara nyingi msomaji wa picha alikuwa akitafuta uvimbe au mishipa iliyotanuka, na tonsili iliyoshuka kidogo ingeweza kumpita. Mwenye kupima kila kichwa kwa rula atapata wengi. Anayeandika kile tu kilichomshtua atapata wachache.

Hata milimita 5 zenyewe zina historia yake. Katikati ya miaka ya 1980 madaktari wa mionzi walilinganisha picha za watu wazima wa afya na za wagonjwa, wakachora mstari kutoka ukingo wa mbele wa tundu la fuvu hadi ukingo wa nyuma, wakapima tonsili zimevuka mstari huo kwa kiasi gani. Walio chini ya milimita 3 wengi walikuwa wazima. Walio juu ya 5 wengi walikuwa wagonjwa. Katikati palikuwa na ukungu, na bado upo. Ni mpaka uliowekwa na watu ili kazi iendelee, kama mipaka mingi tuliyonayo. Mwenye milimita 4 anaweza kuteseka na mwenye milimita 9 akacheza ngoma ya adumu hadi alfajiri.

Utafiti mmoja unahusu shingo moja kwa moja, na kwa yule aliyeanguka na pikipiki una ladha ya pekee. Mwaka 2010 Michael Freeman na wenzake huko Marekani walichapisha uchambuzi wa picha za shingo za watu karibu 1,200 wenye maumivu ya shingo, baadhi waliowahi kupata ajali ya gari na wengine wasiowahi. Baadhi walipigwa picha wakiwa wamelala, kama ilivyo desturi, na wengine wakiwa wameketi wima katika mashine maalumu. Kwa ambao hawakupata ajali, tonsili zilizoshuka hata milimita 1 zilionekana kwa takriban watu 5 au 6 kwa kila 100, wawe wamelala au wameketi. Kwa waliopata ajali zilionekana kwa karibu 10 kati ya waliolala, na kwa takriban 23 kati ya walioketi. Inavutia, ila usiimeze nzima. Kipimo chao kilikuwa milimita 1, mbali sana na 5. Na picha inayopigwa baada ya ajali haiwezi kusema kama ajali ndiyo iliyoshusha tonsili, au kama wenye tonsili za chini tangu kuzaliwa ndio wanaoumia zaidi shingo inapotikiswa, na kwa hiyo ndio wanaofika hospitalini. Wanasheria wa fidia wanapenda jibu la kwanza. Mimi nasubiri picha zilizopigwa kabla ya ajali.

Kinachotenganisha mwenye picha na mwenye ugonjwa ni dalili, na dalili za Chiari zina tabia yake. Kichwa kinauma kisogoni pale mtu anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka kwa nguvu au kujikamua chooni. Maumivu yanakuja kwa kishindo na kuondoka baada ya sekunde au dakika chache. Hayafanani na kichwa cha kila siku. Andrea Winkler na wenzake, walipokwenda nyumba kwa nyumba kuzunguka Haydom, kaskazini mwa Tanzania, na kuwahoji watu 7,412, walikuta karibu 12 kwa kila 100 wana tatizo la kuumwa kichwa, na kipandauso kilikuwa sehemu kubwa ya hayo. Weka watu hao wote kwenye MRI na wachache watakuwa na tonsili za chini kwa bahati tu, kama ambavyo wachache wasioumwa kichwa watakuwa nazo. Ukimpasua mwenye kipandauso kwa sababu ya milimita 6, ataamka na kipandauso chake na kovu juu yake.

Dalili nyingine ni ya kuogopwa zaidi, na inajificha. Maji ya ubongo yakizuiwa kwa muda mrefu, uwazi uliojaa maji unaweza kufunguka ndani ya uti wa mgongo wenyewe. Katika watoto wa Michigan wenye Chiari, 23 kwa kila 100 walikuwa nao. Uwazi huo hukata kwanza nyuzi zinazopeleka habari za joto na maumivu, huku nyuzi za kugusa zikibaki. Matokeo yake ni mtu anayehisi sufuria mkononi lakini hahisi kwamba inamuunguza. Anaona lengelenge na hajui alilipata lini. Vidole vinakonda, mkono unapoteza nguvu. Kwa mtoto mgongo unaweza kuanza kupinda. Katika nchi yetu mkono wa namna hiyo unakumbusha ukoma, na ni sawa ukoma upimwe kwanza, kwa kuwa una dawa na dawa yake ni bure. Lakini vipimo vikisema si ukoma, safari ya MRI ina maana kubwa kuliko ile ya shingo iliyochoka.

Wenye dalili hizi, au wenye uwazi kwenye uti wa mgongo, ndio wanaofikiriwa kwa upasuaji. Daktari hausukumi ubongo kurudi juu. Anaondoa kipande kidogo cha mfupa nyuma ya tundu la fuvu, mara nyingi pamoja na sehemu ya nyuma ya pingili ya kwanza ya shingo, ili kupanua njia. Kwa aliyegunduliwa kwa bahati na hana dalili, desturi ni kumwangalia tu. Maswali ya kumwuliza daktari kabla ya kuuza chochote ni matatu: je, maumivu yangu ni ya aina ya Chiari, je, kuna maji ndani ya uti wa mgongo, na je, kungekuwa hakuna mstari huu kwenye ripoti, ungenitibu vipi shingo yangu? Mara nyingi jibu la swali la tatu ndilo tiba yenyewe.

Umeona kwamba karibu nambari zote za Chiari zimetoka Marekani na Ulaya. Hilo lina uzito zaidi kuliko lawama ya kawaida ya uhaba wa mashine, na sababu yake inatuleta tena Ngorongoro. Tundu la fuvu tunalolizungumzia ndilo wanalolikagua wachimbuzi wa mabaki ya kale wanapotaka kujua kama kiumbe kilitembea wima: likiwa katikati chini ya fuvu, kichwa kilikaa juu ya shingo kama chetu. Mwaka 1959 Mary Leakey alifukua Oldupai, katika wilaya hiihii ya Arash, fuvu la Zinjanthropus lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Mafuvu ya kale yamekuja kuingia katika habari za Chiari kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Mwaka 2013 Yvens Barbosa Fernandes wa Brazil na wenzake walipendekeza kwamba Chiari aina ya kwanza huenda inatokana na umbo la fuvu tulilorithi kutoka kwa jamaa zetu wa kale waliotoweka. Mwaka 2025 Kimberly Plomp wa Chuo Kikuu cha Ufilipino na wenzake walilinganisha mafuvu ya watu 103 wa leo, wenye Chiari na wasio nayo, na mabaki manane ya binadamu wa kale. Umbo la mafuvu yenye Chiari lilikaribia lile la Neanderthal, mmoja wa jamaa hao wa kale, kuliko la wengine.

Ni dhana bado, imesimama juu ya mafuvu machache, na watafiti wenyewe hawakuificha hali hiyo. Uzuri wake ni kwamba inaweza kupimwa. Watu ambao mababu zao walitoka Afrika na kuenea Ulaya na Asia wana karibu asilimia 2 ya urithi wa Neanderthal. Waafrika wana kidogo sana. Kama dhana ni kweli, Chiari aina ya kwanza ingepaswa kuwa nadra zaidi Loliondo kuliko Rotterdam. Kulijibu swali hilo kunahitaji kupiga picha watu wengi wasioumwa, katika nchi ambazo hata wanaoumwa wanasubiri foleni.

Pengine mashine haitakuwa ile kubwa ya mjini. Mwaka 2022 Johnes Obungoloch na wenzake katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, wakishirikiana na wataalamu wa Leiden na Delft, waliunganisha MRI yao papo hapo chuoni kwa siku 11. Inatumia sumaku za kudumu, na nguvu yake ni takriban moja ya thelathini ya ile ya mashine ya kawaida ya hospitali. Lengo la kwanza ni watoto wenye kichwa kikubwa, na kwa kuona maji kichwani picha yenye ukungu inatosha. Sidhani kwamba kwa sasa inaweza kutofautisha milimita 4 na 6.

Lakini kuna Chiari nyingine ambayo Arash haihitaji mashine kuihesabu. Ni aina ya pili, na karibu kila mtoto anayezaliwa na mgongo wazi wa aina ile mbaya, wenye neva zilizo nje, anayo. Hapa ubongo mdogo pamoja na shina la ubongo huvutwa chini kwa sababu mfereji wa neva haukufunga tumboni, na maji hujaa kichwani. Mkunga anaiona siku ya kuzaliwa. Mtoto akifikishwa mapema kwa wapasuaji, Moshi, Dar es Salaam au kwingine, mgongo hufungwa na maji hupewa njia, ama kwa mrija au kwa tundu dogo linalotobolewa ndani ya ubongo, njia ambayo Benjamin Warf aliiboresha kwa watoto wachanga huko Mbale, Uganda, miaka ya 2000.

Mfereji huo wa neva hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge. Mama wengi hufika kliniki na kupewa FEFO, vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, wiki nyingi baada ya hapo. Vinamsaidia damu yake, kwa mgongo wa mtoto vimechelewa. Unga wa ngano wa viwandani umetakiwa kuongezwa virutubishi, foliki ikiwemo, tangu kanuni za mwaka 2011, ila boma linalokula ugali wa mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya kijiji, na maziwa, haliupati kwa njia hiyo. Miligramu 0.4 kwa siku kabla ya kushika mimba ndiyo dozi ya kawaida. Kwa aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi ni mara kumi ya hiyo, kwa maelekezo ya daktari. Jaribio kubwa lililochapishwa Uingereza mwaka 1991, likihusisha vituo 33 katika nchi saba, lilifuata wanawake wa namna hiyo. Mimba zilizopata kasoro tena zilikuwa 27: 21 kwa wasiopewa foliki, 6 kwa waliopewa.